Chumvi Niliyomkataza Mama Shabani

Mliponiaga kwa keki na kitenge mliniomba niandike niliyoyaona kwenye kliniki yetu ya afya ya akili, ili nyie mliobaki msianze sifuri. Keki tuliila, kitenge nimeshakishona, sina tena kisingizio. Vyeo sitavitaja, maana vyote vilikuja vikanikuta kwenye kiti kilekile chenye mguu mbovu. Nitasema nilivyoanza, halafu nitasema kosa langu kubwa. Mazuri yangu mlishayasema wenyewe siku ile, na mengine hata mimi nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza.

Nilikuja kliniki ya akili nikitokea wodi ya wazazi, na sikuja kwa hiari. Barua ya uhamisho niliisoma mara tatu nikalia. Wenzangu wakanitania, "Haya Kobelo, nenda, ukianza kuongea peke yako tutakuletea uji." Nyumbani Bigwa, mama yangu, Mungu amrehemu, aliniambia nisimwitikie mgonjwa yeyote atakayeniita jina, eti wazimu unaingilia sikioni. Basi siku ya kwanza nilifika nimekumbatia mkoba kifuani kama mtu anayepita katikati ya vibaka.

Aliyenipokea ni Mzee Sanga, muuguzi mkuu wa kliniki, mtu wa Njombe, mfupi, mwenye sweta mwaka mzima hata jua la Morogoro liwake vipi. Nikamwamkia, "Shikamoo." Akaitika, akautazama mkoba wangu, akasema, "Weka hiyo chini, mwanangu. Hapa wanaoiba ni wenye akili timamu." Akanipa sinia la bati la kuhesabia vidonge na kisu butu cha mezani cha kuvisukumia. Wiki nzima nilihesabu vidonge tu, yeye akipita nyuma yangu na kuhesabu upya. Siku hesabu zetu zilipolingana mfululizo, akaniruhusu kukaa na mgonjwa.

Hakufundisha kwa kitabu. "Usimuulize mgonjwa anaendeleaje," alikuwa akisema. "Mtanzania ukimuuliza hivyo atakujibu nzuri, hata nyumba yake ikiwa inaungua. Muulize jana alilala saa ngapi, alikula nini, na nani alimkasirisha." Kuhusu sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoondoka, alinifundisha kwamba kazi yangu kubwa ni wiki za mwanzo. Dawa yake, amitriptilini, inakausha mdomo na kuleta usingizi mzito siku ileile, lakini huzuni yenyewe inaanza kupungua baada ya wiki mbili, tatu, wakati mwingine zaidi. Fluoksetini nayo ina mwendo huohuo wa kobe. "Ni kama mahindi," alisema. "Hupandi Jumatatu ukachoma Jumanne." Mgonjwa asipoambiwa hayo mapema atameza siku nne, ataona mdomo mkavu na huzuni iko palepale, atavitupa vidonge chooni na kusema tumemdanganya. Na kweli tutakuwa tumemdanganya, kwa kunyamaza.

Mama Shabani nilimpata miaka mingi baadaye. Mzee Sanga alikuwa ameshastaafu na kuhamia shambani kwake Mlali, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa kliniki. Mama Shabani naye ni mtu wa Mlali, mpishi wa shughuli. Iwe arusi, iwe hitima, wakisikia anapika yeye watu wanajua pilau litaliwa mpaka ukoko. Aliletwa na mume wake, fundi baiskeli mpole, na wakati huo hakuwa anapika chochote. Miezi miwili alikuwa amelala ameugeukia ukuta, hasemi, hali. Tukamwanzishia dawa ya sonona. Baada ya wiki tatu akawa anacheka, tukafurahi. Baada ya wiki tano akawa hachoki wala halali, na sisi bado tunafurahi. Wajinga ndio waliwao.

Ijumaa moja alfajiri aliwasha mafiga uani, akachinjisha mbuzi wote wa mume wake, akapika pilau la arusi kwa ajili ya arusi ambayo haikuwepo. Alikuwa amealika mpaka watu wa Mzumbe. Watu wakaja, wakala, wakashiba, ndipo wakauliza bwana arusi yuko wapi. Akajibu yuko njiani anatoka Dar. Nasikia hilo ndilo pilau tamu kuliko yote aliyowahi kupika, na mume wake alikula huku analia.

Hapo ndipo tulipojua kwamba huzuni yake ilikuwa upande mmoja tu wa ugonjwa. Alikuwa na ule wa kupanda na kushuka, ambao daktari anauita baipola. Mtu wa namna hiyo ukimpa dawa ya sonona peke yake unaweza kumrusha juu, na sisi tulimrusha. Daktari akaikatisha, akamtuliza, akajaribu dawa nyingine, kabamazepini, ikamtoa vipele mwili mzima. Mwisho akaamua lithiamu.

Lithiamu ni dawa nzuri lakini ina masharti kuliko mkwe. Kiasi kinachoponya na kiasi kinachodhuru vimekaa jirani sana, kwa hiyo lazima damu ipimwe kila baada ya muda, na kwetu sampuli ilikuwa inapelekwa Dar, majibu tunayangoja. Mgonjwa anywe maji ya kutosha, aje haraka akiharisha, asijinunulie dawa za maumivu dukani, na akitaka kufunga Ramadhani aje kwanza tuzungumze. Mama Shabani alipoyasikia yote hayo akagoma. "Sista, dawa zenu moja imenirusha, nyingine imenichubua. Na hii itanifanya nini?" Ilinichukua wiki nyingi kumlainisha. Siku moja nikamwambia, "Mama Shabani, nifuate mimi. Nikisema fanya, fanya. Nikisema acha, acha." Akasema, "Haya, Sista. Roho yangu iko mikononi mwako." Akaanza kumeza. Akapata zaidi ya mwaka mzima hajapanda wala hajashuka, anapika arusi za watu walio na bwana arusi.

Sasa kosa lenyewe. Muuguzi wa kliniki ya presha alikwenda masomoni, nikaambiwa nishike kliniki zote mbili, Jumanne, kwenye benchi lilelile refu la nje. Utaratibu wetu mnaujua. Kabla foleni haijaanza lazima muuguzi asimame mbele ya wagonjwa atoe elimu ya afya. Mwezi ule mada ilikuwa presha, na mimi kusema napenda, sifichi. Nilikuja na pakiti ya chumvi na kijiko cha chakula nikaviinua juu. "Huyu hapa ndiye adui! Kuanzia leo, kila aliyekaa kwenye benchi hili aache chumvi. Mnanisikia? Kila mmoja!" Wakaitikia kwa pamoja, "Tunakusikia, Sista!" kama darasa la kwanza. Mama Shabani alikuwa wa tatu kutoka mwisho. Nilimwona anatikisa kichwa kukubali, nikajisifu moyoni kwamba leo nimefundisha.

Lithiamu ina undugu na chumvi. Mwili ukinyimwa chumvi ya kawaida, figo zinaing'ang'ania lithiamu badala ya kuitoa, nayo inajaa kwenye damu mpaka inageuka sumu. Hilo nililijua. Nilikuwa nawafundisha wanafunzi wa uuguzi. Lakini asubuhi ile nilikuwa nesi wa presha, na yule nesi wa akili nilikuwa nimemwacha ofisini.

Wiki ya pili yake nilikwenda Mlali kununua nyanya na kabichi. Nikamkuta Baba Shabani ameinamia tairi lake barabarani. "Shikamoo, Sista. Umetuponza!" akaniambia. "Nyumba ya mpishi mzima, mboga haina hata chembe ya chumvi. Watoto wanakwenda kula kwa jirani. Mimi nikilalamika naambiwa Sista kakataza."

Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Nikamwambia, "Vumilia, baba. Ndiyo faida ya kuoa mwanamke msikivu." Nikalipia nyanya zangu nikaenda zangu. Msinisamehe haraka hapa. Mtu alinisimulia hatari kwa mdomo wake mwenyewe, nami nikamfanyia utani.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na arusi kubwa Mzumbe. Jua kali, moto wa kuni, Mama Shabani anatoka jasho tangu asubuhi, na kuonja chumvi amemwachia msaidizi wake. Kufikia adhuhuri mikono ikaanza kumtetemeka. Ulimi ukawa mzito, maneno hayaeleweki. Akatembea upande upande, akaangusha mwiko, kisha akaanguka mwenyewe kando ya sufuria, kidogo tu aingie motoni. Mwanamke mmoja akasema, "Kalewa huyu." Neno hilo lilifika Mlali kabla yake.

Mume wake akamleta kwetu. Nami, Mungu anisamehe, swali langu la kwanza lilikuwa, "Amekunywa nini?"

Baba Shabani sijawahi kumsikia akipaza sauti, si kabla wala baada. Siku ile alinipigia kelele mbele ya wodi nzima. "Mke wangu hanywi pombe! Amekunywa dawa zako na amekula chakula chako!"

Chakula changu. Nikaikumbuka ile pakiti ya chumvi niliyoiinua juu.

Daktari alisimamisha lithiamu palepale, wakamwekea dripu, damu ikapelekwa Dar. Siku mbili Mama Shabani hakujua yuko wapi. Nilimwogopea vibaya sana. Nilikuwa namaliza zamu nakaa kando ya kitanda chake na rozari yangu, yeye Mwislamu mimi Mkatoliki, nikasema Mungu atapanga mwenyewe. Baba Shabani alikaa upande wa pili wa kitanda. Siku ya tatu mgonjwa akafungua macho akauliza watoto wamekula nini. Nilitoka nje nikalia kwa furaha bila kujali nani ananiona. Majibu ya Dar yalipokuja yalituambia tulichokwisha kujua. Akaruhusiwa kurudi nyumbani bila dawa yoyote ya kumshikilia, mpaka daktari atakapoona damu imekaa sawa.

Ofisini mwenzangu mmoja, ambaye alinionea huruma kweli, akaniambia, "Andika mgonjwa hakufuata masharti. Yataisha." Nilishika kalamu. Nilikuwa nimebakiza miaka michache nistaafu, na sentensi yenyewe ni fupi. Nikaiweka kalamu chini nikaenda Mlali kwa Mzee Sanga. Nikamkuta anapalilia maharage, na sweta lake. Nikamweleza yote, na ushauri wa mwenzangu juu yake.

"Kwani alifuata au hakufuata?" akauliza.

"Alifuata, mzee."

"Alifuata kuliko mgonjwa yeyote uliyewahi kuwa naye. Ukiandika hakufuata, kesho utamfundisha nani?" Akaendelea kupalilia. Hata maji hakunikaribisha.

Nikaandika ilivyokuwa. Nikaitwa, nikasemwa, nikasemeka. Hiyo ilikuwa sehemu nyepesi. Sehemu nzito ilikuwa kwenda kwa Mama Shabani mwenyewe, maana siku aliyotakiwa kurudi kliniki ilipita hakutokea.

Nilipiga hodi nikamkuta uani. Alikuwa ameshusha sufuria zote, kubwa na ndogo, anazisugua kwa majivu, anaimba, anaongea, anaacha hii anashika ile. Macho yanang'aa. Mume wake alikuwa amesimama mlangoni, akaninong'oneza, "Ameshaanza kutuma watoto waalike watu." Nikaelewa. Alikuwa anapanda tena, na safari hii hakukuwa na dawa yoyote ya kumzuia. Akipanda vile atashuka vilevile, na kushuka kwake mnakujua, ni ule ukuta. Mama wa watoto wanne.

"Mama Shabani," nikamwambia, "rudi kliniki."

"Sirudi. Dawa yenu ilitaka kuniua."

"Dawa haikukosea. Na wewe hukukosea. Nimekosea mimi. Maneno ya chumvi yalikuwa ya watu wa presha, nikakuchanganya nao."

Akaacha kusugua. "Wewe?"

"Mimi."

"Basi mbona mlevi naitwa mimi?" Akarusha kitambaa chini. Maneno yakamtoka mfululizo. Arusi mbili alizokuwa ameahidiwa amepewa mpishi mwingine. Hitima ya shangazi yake, wa damu yake, amepika mtu baki. Akienda bombani wanawake wananyamaza. "Mimi tangu nizaliwe sijaonja pombe, Sista! Wewe uliniambia mbele ya watu niache chumvi. Leo unakuja kuniambia uani, tuko watatu, kwamba ulikosea. Nenda kaseme kulekule uliposemea."

Nikamweleza kwamba habari za mgonjwa hatuzitaji hadharani, ni siri yake.

"Siri gani? Jina langu wameshalitaja wao. Litaje na wewe."

"Nikilitaja, utarudi kwenye dawa?"

"Litaje kwanza," akasema, akarudi kwenye sufuria zake.

Sikulala vizuri mpaka Jumanne, nawaambia ukweli. Niliona haya kama msichana. Asubuhi ile benchi lilijaa, nusu yake watu wa Mlali. Nikatazama kila uso, yeye simwoni. Nikataka kuahirisha. Ndipo nikamwona nyuma kabisa, amesimama kando ya ukuta, khanga kichwani, mikono ameifumbata, na mume wake pembeni.

Nikasema. Nilisema kwamba mwezi uliopita niliwakataza chumvi watu wote wa benchi hili, na nilikosea. Kwamba kuna dawa ambayo anayeimeza akiacha chumvi ghafla inamgeuka sumu, anatetemeka, anayumba, ulimi unakuwa mzito. Kwamba Mama Shabani wa Mlali alinitii neno kwa neno, akaanguka arusini Mzumbe, na aliyemwangusha ni mimi. "Mama Shabani hakulewa. Hajawahi kulewa. Mliosikia vingine, mmesikia uongo, na uongo huo umetokana na kosa langu. Namwomba radhi mbele yenu."

Bibi mmoja wa presha akanyoosha mkono. "Sasa Sista, sisi tule chumvi au tusile?"

Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka. Nikawaambia kuanzia leo masharti ya dawa kila mtu atapewa ndani, peke yake, mlango umefungwa. Hapa nje nitafundisha kunawa mikono. Utaratibu huo mmeukuta, na sasa mnajua ulikotoka. Msiuache hata foleni ikifika getini.

Kabla sijakaa, mzee mmoja wa Bigwa, jirani yangu kabisa, akainuka akivua kofia. "Sista, kama leo ni siku ya kusema, na mimi niseme. Vile vidonge vya sonona unavyonipa, sijawahi kumeza hata kimoja. Naviogopa. Viko nyumbani kwenye kopo la majani ya chai." Mwaka mzima faili lake nilikuwa nimeliandika, anaendelea vizuri na dawa! Binti mmoja akasema yeye anameza nusu nusu, zisiishe haraka. Mwingine akasema anamgawia dada yake. Foleni ikageuka kitubio. Siku ile tulifunga saa kumi na moja, na nilijifunza mengi kuhusu vidonge vyangu kuliko niliyojifunza chuoni.

Lakini wakati huo macho yangu yalikuwa kwenye ule ukuta wa nyuma. Mwanamke mmoja wa Mlali aliinuka benchini, akamwendea Mama Shabani, akamshika mkono. Sikusikia walichosema. Mama Shabani alijifuta uso kwa ncha ya khanga, kisha akaja mbele, taratibu, watu wakimpisha. Akasimama karibu yangu.

"Sista," akasema, "damu napimwa lini?"

"Alhamisi asubuhi."

"Nitakuja."

Alhamisi akaja.